Sauti ya Nyuma: Tamasha Langu la Kwanza la Filamu na Historia ya Watafsiri wa Senema

Nilipanda gari Muyinga alfajiri kwenda Gitega kwa njia ya Karusi. Tulikuwa watu tisa katika Probox moja, na mimi nilikaa nyuma pamoja na mfuko wa maharage. Mwenzangu wa darasani alikuwa ameniambia kwamba kutakuwa na tamasha dogo la filamu huru, jioni tatu, kiingilio bure. Maneno "kiingilio bure" niliyaelewa. Neno "huru" sikulielewa vizuri. Nilidhani ni filamu za Uhuru, za mwaka 1962, na kwa kuwa nasoma historia nikaona inanihusu.

Nilijifunza maana yake pale pale: ni filamu ambazo hazikutengenezwa na kampuni kubwa, ambazo mwongozaji wake aliomba fedha hapa na pale, akaigizisha jirani zake, kisha akazunguka nazo mwenyewe kuzionyesha. Matamasha ndiyo soko lake na ndiyo baraza lake. Afrika ina utamaduni huo tangu mwaka 1969, FESPACO ilipoanza Ouagadougou. Kwa upande wetu Zanzibar ilianzisha ZIFF mwaka 1997, na maonyesho yake yanajulikana kwa kufanyika usiku ndani ya Ngome Kongwe. Rwanda ilianza mwaka 2005 na tamasha linalobeba skrini ya kujazwa upepo hadi vijijini. Burundi ilifuata mwaka 2009 na FESTICAB, iliyoanzishwa na Léonce Ngabo, mwanamuziki na mwongozaji wa filamu. Hili nililohudhuria lilikuwa dogo zaidi ya hayo yote. Lilikuwa na kitambaa cheupe kwenye ukuta wa ukumbi, projekta moja juu ya meza, jenereta nje, na viti vya plastiki ambavyo havikutosha.

Jambo ninalotaka kulieleza katika insha hii lilitokea jioni ya kwanza. Limenisumbua hadi nikaenda kulitafuta katika historia.

Filamu ya kwanza ilikuwa *Gito l'ingrat* ya huyo Ngabo, ya mwaka 1992, inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kuigizwa kutoka Burundi. Gito amesoma Paris. Anarudi nyumbani na shahada yake akiwa na hakika kwamba atapewa uwaziri, au angalau ofisi yenye kiyoyozi. Kazi haipo. Juu ya hayo ameacha mchumba Mfaransa kule na ana mpenzi wa utotoni huku, na wanawake hao wawili wakikutana hawagombani kama alivyotarajia, bali wanaungana dhidi yake. Ukumbi ulicheka sana. Sisi wanafunzi tulicheka kwa namna ya mtu anayechekea jambo lake mwenyewe, maana miaka zaidi ya thelathini imepita na yule kijana mwenye shahada na bahasha anayezunguka maofisini bado yupo. Wengine wetu tunamjua kwa jina.

Lakini safu za nyuma hazikucheka. Pale walikaa watu waliovutwa na mwanga na sauti: waendesha teksi za baisikeli, wauza karanga, watoto, akina mama waliokuwa wakitoka sokoni. Mazungumzo mengi ya filamu ni ya Kifaransa. Mtoto mmoja aliyekaa karibu yangu, labda wa miaka kumi, alinivuta mkono akauliza, "Anasema nini?" Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia tena. Baada ya dakika chache walikuwa wanne wameniinamia, na mimi bila kukusudia nilikuwa nimeacha kunong'ona. Nilikuwa natafsiri. Gito aliposubiri mlangoni kwa mkubwa, niliongeza maneno ambayo hayakuwemo kwenye filamu, kwamba hata viatu vyake vimeanza kumhurumia. Safu nzima ya nyuma ikaangua kicheko.

Kijana mmoja wa tamasha alikuja na tochi. Hakuwa mkali. Aliniambia kwa Kifaransa kwamba hapa si kibanda cha video, na kwamba tuheshimu filamu. Nikanyamaza. Robo saa baadaye yule mtoto alikuwa ameondoka, na wale wanne pia.

Huyu kijana hakuweza kujua kwamba baba yangu alikuwa na kibanda cha video.

Kibanda chetu kilikuwa mtaa wa Waswahili, Muyinga, kati ya mwaka 2003 na 2013. Kilikuwa na mabenchi sita ya mbao, televisheni moja, deki moja, jenereta ya Kichina na turubai la bluu juu. Baba alikaa kando ya televisheni na maikrofoni. Filamu ilikuwa ya Kichina, Kihindi au Kiingereza, na Baba alikuwa hajui hata lugha moja kati ya hizo. Alizungumza kwa Kiswahili na Kirundi, akichanganya. Wahusika wote walikuwa na sauti yake: jambazi, msichana, mbwa. Utotoni niliamini kwamba Baba ndiye anayewaambia watu wa kwenye televisheni nini cha kufanya. Nilipofika sekondari na wenzangu wakaanza kuangalia filamu kwenye simu zenye maandishi ya chini, nilianza kuona haya. Nilipoulizwa kazi ya baba nilisema mfanyabiashara.

Basi lile neno "hapa si kibanda cha video" lilinigusa mahali penye kidonda. Hapo ndipo ilipoanza kazi yangu ya kihistoria, na naomba wahadhiri wangu wanivumilie kwamba imeanzia kwenye haya.

Nilitaka kujua ukimya ule wa ukumbini umetoka wapi, na sauti ya nyuma imetoka wapi. Nilidhani sauti ni uhuni uliozuka vibandani wakati wa kanda za video. Kumbe sauti ni ya zamani zaidi, na walioileta kwetu ni wakoloni wenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko jirani, Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa majaribio ya senema ya elimu, unaojulikana kwa kifupi BEKE, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Makao yake yalikuwa Vugiri, milima ya Usambara. Walitengeneza filamu zipatazo 35, kuhusu minyoo ya safura, malaria ya watoto, kodi, benki ya akiba ya posta, chai. Kisha walizifungasha kwenye lori na kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Urundi hawakufika, kwa kuwa ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za gramafoni kwa Kiswahili na lugha nyingine, na fundi alizipiga huku picha ikienda. Sasa fikiria lori limepita barabara za mwaka 1935 na sahani hizo ndani! Pale ambapo sahani haikufaa, au lugha ya mahali ilikuwa nyingine, mtu alishika maikrofoni akaeleza. Nao waliandika kitabu mwaka 1937 kueleza waliyojifunza. Filamu zao karibu zote zimepotea. Zimebaki tatu.

Upande wa Wabelgiji, Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo tangu mwaka 1925, na mambo ya senema yalifuata siasa ya Kongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilikuwa na ofisi yake ya filamu, na wamisionari walikuwa na zao. Kule Luluabourg, Kananga ya leo, Padre Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo wazee wa Kongo wanavikumbuka hadi leo na ambavyo mwaka 1996 vilitengenezewa filamu ya makala. Mwaka 1952 afisa mmoja, L. Van Bever, alichapisha Brussels kijitabu kuhusu senema kwa ajili ya Waafrika. Msimamo wa watu wa aina yake ulikuwa kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka. Atengenezewe filamu za polepole, zenye jambo moja, na awepo mtu wa kumweleza kwa lugha yake. Mtu huyo aliitwa mfafanuzi. Alikuwa Mwafrika, mara nyingi karani au katekista, na alipewa maneno ya kusema.

Nilisoma hayo nikiwa na hasira, kisha nikakumbuka kwamba Bibi yangu, mzaa baba, ana zaidi ya miaka themanini na kichwa chake kiko sawa. Nilikwenda kumsalimia na baada ya shikamoo nikamuuliza kama aliwahi kuona senema ya mapadre.

"Niliiona," akasema. "Nilikuwa sijaolewa. Walifunga shuka ukutani."

Vitabu vya senema ya kikoloni vina hadithi moja inayorudiwa sana: wanakijiji wanaonyeshwa filamu ya malaria yenye mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa chote, na mwisho wanasema, sisi hatuna shida, mbu wetu ni wadogo. Karibu kila afisa anaidai ilitokea kwake. Nikamwuliza Bibi kama waliogopa mbu mkubwa. Alinitazama kama ninavyotazamwa ninapouliza bei ya kitu kisha nisinunue. Akasema mbu walimjua. Waliloshangaa ni yule katekista aliyekuwa akieleza, kwa kuwa padre aliongea maneno machache kwa Kifaransa na katekista akaongea mengi kwa Kirundi. Na katika hayo mengi alikuwa akiwataja watu wa kilima chao kwa majina: nani hafyeki nyasi, nani ana dimbwi nyuma ya nyumba. "Tulicheka mpaka padre akauliza tunacheka nini. Katekista akamwambia tumefurahia mafundisho."

Sitaki kujenga nadharia nzima juu ya kicheko kimoja cha miaka ya 1950. Ila naona kitu hapa ambacho kumbukumbu za ofisi haziwezi kutuonyesha. Mfafanuzi aliwekwa ili maana isitoroke, na yeye ndiye aliyeitorosha. Aliyelipa projekta hakujua lugha ya aliyeshika maikrofoni, na katika pengo hilo watazamaji walikuwa na filamu yao wenyewe.

Historia ya baadaye inajulikana zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa hiyo napita haraka. Malori ya senema yakapungua, video ikaja, vikazuka vibanda. Kampala watafsiri wakaitwa ma-VJ, na VJ Jingo akawa na jina kuliko waigizaji anaowatafsiri. Tanzania Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alipata umaarufu kwa sauti aliyoiweka juu ya filamu za Hong Kong, India na Marekani, na kanda hizo zilivuka mipaka. Muyinga si mbali na Kobero, na ng'ambo ya Kobero ni Kabanga, wilaya ya Ngara. Bidhaa nyingine hulipiwa ushuru. Sauti ya Lufufu ilipita bila kulipiwa, ndani ya mifuko ya wafanyabiashara na wakimbizi wanaorudi.

Baba alikuwa mmoja wa hao wakimbizi. Baada ya Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na nchi ikawaka, familia yake ilivuka. Aliishi kambi ya Lukole, Ngara, karibu miaka kumi. Huko alipata Kiswahili chake cha kufoka na huko alimsikia mtu akitafsiri filamu kwa mara ya kwanza. Aliporudi mwaka 2003 alikuja na mke, mimi nikiwa mgongoni, na televisheni iliyofungwa kwenye godoro.

Nilimweleza Baba yaliyotokea Gitega. Nilidhani atakasirika kwa niaba yangu. Nilikuwa tayari nimeandaa hoja: kwamba ukimya ndio mgeni, sauti ndiyo mwenyeji, kwamba tamasha lingejifunza kitu kutoka kibandani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kupepeta maharage. Siku hizi anauza maharage.

"Yule kijana alikuwa na haki," akasema.

Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu mtafsiri ni mwongo, mwanangu. Mimi nilikuwa mwongo."

Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kulikuwa na filamu moja ya Kihindi, ndefu, ambamo mtu anarudi kijijini kwake baada ya miaka mingi na kumkuta jirani aliyewaua ndugu zake, na filamu nzima ni kisasi. Ilikuwa mwaka 2004. Katika mabenchi yale sita walikaa watu waliorudi kutoka Tanzania na watu ambao hawakuondoka, na mashamba mengine yalikuwa bado yana kesi. Baba alikuwa ameiona filamu hiyo kambini na alijua inakokwenda. Akiwa na maikrofoni mkononi, akabadilisha. Akasema yule jirani si jirani, ni jambazi aliyetoka mji wa mbali na kujifanya mwenyeji. Kila alipomtaja aliongeza "huyu mgeni". Kisasi kikafanyika kwa mgeni, watu wakapiga makofi, wakalipa, wakaenda kulala.

"Uliwaokoa," nikamwambia.

"Niliwadanganya. Labda walitaka kuongea. Mimi nilikuwa nataka kuuza soda."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Jioni ya pili ya tamasha walionyesha *Na Wewe*, filamu fupi ya mwongozaji Mbelgiji Ivan Goldschmidt, iliyoteuliwa kugombea tuzo ya Oscar mwaka 2011. Inatokea Burundi mwaka 1994. Basi dogo linasimamishwa na waasi na abiria wanaamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Abiria mmoja mmoja anaeleza kwa nini hawezi kuwekwa upande wowote. Jina lake halihitaji tafsiri kwa Mrundi wala kwa Mswahili, ni lile lile kwa lugha zote mbili. Safu za nyuma zilikuwa zimejaa tena usiku ule, na hakuna aliyemvuta mtu mkono. Kulikuwa na kimya ambacho hakikuhitaji kijana mwenye tochi. Baadaye taa ziliwashwa na mazungumzo yakafunguliwa, na mtu wa tatu kusimama alikuwa mzee aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliomba kuongea Kirundi. Alisema alikuwa ndani ya gari kama lile, barabara aliitaja, na kwamba dereva wao hakurudi. Alikaa. Mwendesha mazungumzo alisubiri kidogo, kisha akaendelea na swali la mwingine kuhusu kamera.

Je, Baba angetafsiri filamu hiyo kibandani mwaka 2004, yule mzee angesimama? Nimewauliza wenzangu wawili wa darasani. Mmoja anasema hapana, kwa sababu Baba angemfunga mdomo kwa mzaha. Mwingine anasema swali si la haki, kwa kuwa mwaka 2004 mzee asingethubutu hata katika tamasha lenye viti na projekta, na kwamba kila jambo lina mwaka wake. Mimi naelekea kwa wa pili, lakini naona pia kwamba yule mzee alipewa dakika moja na nusu, kisha kamera. Ukimya wa ukumbi una uongo wake vilevile. Nao unachagua nani aelewe. Jioni ya kwanza ulimchagua anayejua Kifaransa, na mtoto akaenda zake.

Baba alipoona nimebaki kimya aliingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada lililoliwa na panya. Sikujua kwamba lipo. Ni hesabu za kibanda, kuanzia Novemba 2003 hadi siku alipouza jenereta, huku kurasa za mwaka 2008 zikiwa zimelowa na kutosomeka. Kila mstari una tarehe, jina la filamu, idadi ya watu, fedha, na bei ya petroli ya siku hiyo. Siku petroli ilipokosekana aliandika "giza" na kupiga mstari. Nimekaa na daftari hili tangu likizo. Kwa mwanafunzi wa historia ni kama kukuta mahindi ndani ya ukuta.

Shida ni majina. Baba hakujua majina halisi ya filamu, aliandika majina aliyowapa yeye mwenyewe au waliyopewa na watazamaji. "Mchina Mlevi" ni rahisi, hiyo ni filamu ya Jackie Chan ya mwaka 1978 kuhusu bingwa anayepigana akiwa amelewa, na ilionyeshwa mara kumi na moja. "Rambo wa Kwanza" na "Rambo wa Mishale" nazo zinajulikana. Ile ya kisasi ameiandika "Mgeni", jina alilolitunga usiku ule, na Baba mwenyewe hakumbuki waigizaji wake, isipokuwa kwamba mmoja ana kovu na kwamba mvua inanyesha mwishoni. Nimetazama filamu za Kihindi saba hadi sasa nikitafuta kovu na mvua. Kuna nyingine ishirini na mbili ambazo sijazitambua kabisa: "Shamba la Simu", "Bibi Harusi Hasemi", "Askari wa Barafu", "Wale Wawili". Kama kuna msomaji aliyekulia Ngara, Kirundo au Buyenzi na anakumbuka kibandani kwao filamu yoyote iliitwa hivyo, ningeomba anitafute chuoni. Ile ya "Mgeni" ndiyo ninayoitaka kwanza. Nataka kuiona yote na maneno yake, kisha niketi na Baba tuione pamoja, kama atakubali. Nilipomwuliza alisema kwanza niipate.